Roketi Inayoshuka kwa Pangaboi: Uchambuzi wa Njia Ngumu ya Kurudi Ardhini

Roketi ndogo ya karatasi na mbao laini haina safari ndefu ya kupanda. Injini yake ya baruti huungua kwa sekunde moja au mbili, kisha roketi huendelea kupanda kwa kasi iliyokwisha kuipata mpaka ifike kileleni. Hapo ndipo swali zito linapoanza: itarudije ardhini bila kuvunjika na bila kumuumiza mtu? Wajenzi wamejibu kwa parachuti, kwa utepe mrefu unaopepea, kwa mabawa ya kunyiririka, na kwa pangaboi linalofunguka hewani na kuishusha roketi kama helikopta iliyozimika injini.

Makala haya yanalichambua jibu hilo la mwisho. Pangaboi si njia rahisi, na wala haliiweki roketi hewani muda mrefu kuliko njia nyingine zote. Lakini ndilo linalomfundisha mjenzi mambo mengi kuliko zote, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo hupatikana bila kuwasha hata punje ya baruti. Nitajaribu kuonyesha kwa nini mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja.

Mchezo uliozaliwa na hofu ya ajali

Urushaji wa roketi ndogo kama tunavyoujua leo ulianzia Norfolk, katika jimbo la Nebraska, Marekani. Mwaka 1954 Orville Carlisle, mwenye duka la viatu aliyependa fataki, alishirikiana na ndugu yake Robert kutengeneza roketi nyepesi ya karatasi iliyobeba injini ndogo ya baruti na parachuti. Waliiita Rock-A-Chute. Miaka michache baadaye, Muungano wa Kisovieti uliporusha Sputnik mnamo Oktoba 1957, vijana wengi wa Marekani walikuwa wakichanganya kemikali majumbani ili nao warushe roketi, na baadhi waliumia au kufa. G. Harry Stine, aliyekuwa amefanya kazi katika uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands, aliona kwamba kifaa cha akina Carlisle kinaweza kuwaepusha na hatari hiyo. Mwaka huohuo wa 1957 kikaanzishwa chama cha kitaifa cha mchezo huo. Vern Estes wa Colorado akaunda mashine ya kutengeneza injini kwa wingi, na bei ikashuka.

Kanuni zilizowekwa wakati huo bado zinafuatwa. Kijana hachanganyi baruti mwenyewe. Hununua injini iliyokwisha kufungwa kiwandani. Mwili wa roketi haujengwi kwa chuma. Uwashaji hufanywa kwa umeme, mrushaji akiwa amesimama mbali. Na kila roketi lazima iwe na njia ya kushuka taratibu. Kwa hiyo tangu mwanzo kurudi salama kulikuwa sharti la mchezo wenyewe.

Injini hizo zina maandishi ambayo kila mrushaji huyasoma kwanza. Chukua B6-4. Herufi inaeleza jumla ya msukumo: A haizidi newtoni-sekunde 2.5, B haizidi 5, C haizidi 10, na kila herufi inayofuata huongeza maradufu. Tarakimu 6 ni wastani wa msukumo kwa newtoni. Tarakimu 4 ni sekunde za kusubiri baada ya msukumo kwisha. Sekunde hizo zikipita, chaji ndogo ya baruti iliyo upande wa mbele wa injini hulipuka ndani ya mwili wa roketi. Katika roketi ya kawaida mlipuko huo husukuma kichwa na kuitoa parachuti. Katika roketi ya pangaboi, mlipuko huohuo hufanya kazi ya kuyafungulia mapanga, yaani mabapa marefu ya pangaboi.

Upepo unavyolizungusha pangaboi

Mtoto anayekimbia na pangaboi la ukuti anajua kwamba hakuna injini ndani yake. Hewa inayopita ndiyo inayolizungusha. Roketi inayoshuka hutumia kanuni hiyohiyo, ila hewa inatoka chini kwenda juu kwa sababu chombo kinaanguka. Ajabu ni kwamba mzunguko huo, unaotokana na kuanguka, ndio unaopunguza kasi ya kuanguka.

Mhandisi wa Kihispania Juan de la Cierva alilithibitisha jambo hili kwa chombo cha kubeba binadamu. Januari 1923 chombo chake cha nne, C.4, kiliruka huko Getafe, karibu na Madrid, kikiinuliwa na pangaboi lisilounganishwa na injini yoyote. Injini yake ilikuwa ya kukivuta mbele tu. Mwaka 1928 alivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa chombo cha aina hiyo. Leo kila rubani wa helikopta hufunzwa kushuka kwa njia hii injini inapozimika angani.

Siri iko katika uelekeo wa hewa inayolikuta panga. Panga linalozunguka hupigwa na hewa kutoka mbele kwa sababu ya mzunguko, na kutoka chini kwa sababu ya kuanguka. Hewa hizo mbili zikiungana, panga hukutana na upepo unaopanda kwa mshazari. Kani ya kunyanyua husimama kwa pembemraba na upepo huo, hivyo huinama mbele kidogo. Sehemu kubwa ya kani hiyo huubeba uzito wa roketi, na sehemu ndogo hulivuta panga mbele. Mvuto huo ukizidi ukinzani wa hewa, mzunguko huongezeka. Ukipungua, mzunguko hufifia. Pangaboi hutulia pale viwili hivyo vinapolingana.

Panga zima halifanyi kazi moja. Sehemu ya katikati ndiyo inayovuta na kuendesha mzunguko. Ncha, zinazokwenda kasi kuliko sehemu zote, hukokotwa na hewa na kula sehemu ya nguvu hiyo. Karibu na kitovu panga huenda polepole mno na hunyanyua kidogo sana. Mjenzi anayeelewa mgawanyo huu hatalipamba panga lake kwa ncha nene wala hatahangaika na umbo la shina lake. Atatumia muda wake katikati, akilisugua kwa msasa hadi ukingo wa mbele uwe wa mviringo na ukingo wa nyuma uwe mwembamba.

Hesabu ya kushuka

Tuchukue roketi yenye gramu 40 baada ya baruti kwisha, yenye pangaboi la kipenyo cha sentimita 50. Duara linalochorwa na mapanga lina eneo la mita za mraba 0.196 hivi. Pangaboi linalozunguka vizuri huizuia hewa karibu sawa na parachuti yenye kipenyo hichohicho. Tukifanya hesabu kwa msongamano wa hewa wa usawa wa bahari, kasi ya kushuka inakuwa kama mita 1.7 kwa sekunde. Ikifunguka ikiwa mita 100 juu, itagusa ardhi baada ya muda unaokaribia dakika moja. Hiyo ni hesabu ya pangaboi lililotengenezwa vyema; la haraka-haraka hushuka kwa kasi zaidi.

Tazama sasa jambo linalostaajabisha. Ikiwa mapanga ni matatu, kila moja lina urefu wa sentimita 25 na upana wa sentimita 3, eneo lake lote halifiki asilimia 12 ya duara. Vijiti vitatu vya mbao vinaizuia hewa kana kwamba duara zima limefunikwa kitambaa. Mzunguko ndio unaoziba mapengo.

Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha udhaifu wa njia hii. Eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo. Anayetumia parachuti akitaka kutoka sentimita 50 hadi mita moja, anaongeza gramu chache za plastiki nyepesi na anapata eneo mara nne. Mwenye pangaboi akitaka hivyo, lazima arefushe mapanga, ayafanye manene yasipinde, aimarishe bawaba, na atafute mahali pa kuyaficha mapanga marefu kwenye roketi fupi. Uzito huongezeka, na uzito ukiwa maradufu kasi ya kushuka hupanda kwa asilimia 41. Kwa kupima muda wa kukaa hewani peke yake, parachuti hushinda, na mpenzi wa pangaboi ni vema alikubali hilo mapema.

Vyombo viwili ndani ya kimoja

Ugumu halisi ni kwamba roketi hii ni vyombo viwili vyenye mahitaji yanayopingana. Wakati wa kupanda, lazima iwe nyembamba, laini, na yenye uwiano wa mshale: kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha kani za hewa kwa walau kipenyo kimoja cha mwili. Wakati wa kushuka, lazima iwe pana, inayoning'inia chini ya pangaboi na kuzunguka bila kuyumba. Mapanga yaleyale yanapaswa kuwa mzigo usio na madhara katika safari ya kwanza, na kuwa kila kitu katika safari ya pili.

Wajenzi hufuata njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuyalaza mapanga nje, kando ya mwili, yakiwa na bawaba karibu na kichwa na ncha zake zikielekea kwenye mapezi. Faida yake ni urahisi, maana kila kitu kinaonekana na kurekebishika. Mapanga yakikunjwa kidogo yaufuate mviringo wa mwili, hupatikana faida ya pili: uso wa nje, uliobinuka, ndio utakaokuwa uso wa juu panga likifunguka, na huo ndio upande unaotakiwa kubinuka ili kani ya kunyanyua ipatikane. Hasara yake ni kwamba mapanga yaliyo nje hukwaruzana na hewa wakati wa kupanda na kuipunguzia roketi kimo.

Njia ya pili ni kuyaficha mapanga ndani ya mwili, mara nyingi yakiwa na bawaba nyingine katikati ili yakunjike. Roketi hupanda safi kabisa. Lakini mlipuko wa kufungulia sasa unatokea karibu na mapanga, hivyo yanahitaji kukingwa na moto, na kila bawaba iliyoongezwa ni mahali pengine pa kukwama.

Kuna uamuzi mwingine: mwili uzunguke pamoja na mapanga, au kitovu kizunguke peke yake juu ya mhimili? Mwili ukizunguka, mapezi huikokota hewa na kupunguza kasi ya pangaboi. Kitovu kikizunguka huru, pangaboi hupata kasi kamili, lakini mhimili unataka ulaini na unyoofu ambao si kila mjenzi anaweza kuupata kwa mkono. Kwa anayeanza, mapanga yaliyoshikamana na mwili ni chaguo la busara.

Kisha kuna mwinamo wa panga. Wengi hudhani ukingo wa mbele unapaswa kuinuliwa, kama kwenye bawa la ndege linalopanda. Hapa ni kinyume: ukingo wa mbele huinamishwa chini kwa digrii chache, ili hewa inayotoka chini ilisukume panga mbele na kuanzisha mzunguko. Ukiuinamisha mno, pangaboi huzunguka kwa fujo na kunyanyua kidogo. Usipouinamisha vya kutosha, mapanga huchelewa kuanza, na roketi huanguka yakiwa yamefunguka lakini hayazunguki. Mapanga yote lazima yawe na mwinamo ule ule, kwani tofauti ndogo kati yake huleta mtikisiko unaokula nguvu yote.

Nukta ya kufunguka

Baada ya hapo, kazi yote inategemea muda mfupi sana. Mapanga ya nje hushikwa na uzi, na nyuzi za mpira huyavuta yafunguke. Chaji ya injini inapolipuka, huuunguza uzi, au husukuma kipande kinachoachia ndoano, na mpira hufanya kazi yake. Kizuizi kwenye bawaba huyasimamisha mapanga yakiwa yameinuka kidogo kupita usawa, kwa sababu umbo hilo la V pana huipa roketi utulivu.

Wakati wa kufunguka ndio unaoamua. Chaji ikilipuka mapema, roketi bado inapanda kwa kasi na hewa huyang'oa mapanga. Ikichelewa, roketi imeshageuka na inapiga mbizi kichwa chini, na hapo kuna mtego ambao wanaoanza hawautarajii: bawaba ziko upande wa kichwa, kwa hiyo hewa inayopita kutoka kichwani kwenda mkiani huyabana mapanga mwilini, kama ilivyoyabana wakati wa kupanda. Mpira dhaifu hauwezi kuyafungua. Roketi ikishaangusha mkia wake chini, hewa hugeuka kuwa msaada na kuyasukuma mapanga juu. Kwa hiyo nambari ya mwisho kwenye injini, ile ya sekunde za kusubiri, ina uzito mkubwa hapa kuliko katika roketi ya parachuti, na lazima ichaguliwe kwa kuzingatia uzito wa roketi husika. Kileleni kasi ni karibu sifuri, na hapo ndipo mapanga hufunguka kwa amani.

Kujifunza kabla ya moto

Hapa ndipo pangaboi linapojitofautisha. Parachuti haina mengi ya kufundisha ikiwa chini. Pangaboi linaweza kuchunguzwa karibu lote bila injini.

Kwanza, kufunguka: shika roketi kwa mkono, kata uzi, tazama kama mapanga yote yanafika kwenye kizuizi kwa pamoja. Kisha rudia ukiwa umeielekeza kichwa chini na kuikimbiza dhidi ya upepo, ili kujua kama mpira una nguvu ya kuushinda mbano wa hewa. Pili, mzunguko: iangushe roketi kutoka ghorofani, penye nafasi wazi chini na mtu wa kuzuia wapita njia. Mapanga huhitaji mita kadhaa kabla ya kufika kasi kamili, hivyo kimo kidogo hakitoshi. Simu inayopiga video ya mwendo wa polepole inatosha kuhesabu mizunguko na kupima kasi ya mita za mwisho. Tatu, uwiano wa kupanda: funga kamba kwenye kitovu cha uzito, izungushe roketi juu ya kichwa, na uone kama inaelekeza kichwa mbele.

Kila jaribio lina jibu lake, na kila jibu linabadilisha kitu kimoja tu. Ongeza mwinamo, pima tena. Punguza gramu mbili, pima tena. Mwanafunzi anayefanya hivyo ameshafanya sayansi kamili kabla roketi yake haijaondoka ardhini.

Wahandisi wakubwa nao wamepita njia hii. Mwaka 2012, NASA ilifanya majaribio ya kudondosha vielelezo vidogo vya vyombo vya angani vyenye pangaboi ndani ya jengo la kuunganishia roketi huko Kennedy Space Center, Florida, lenye kimo cha mita 160. Hapakuwa na moto. Walihitaji kimo, vipimo na subira.

Mashindano na roketi kubwa

Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, lina daraja maalumu kwa roketi hizi, S9. Kanuni zake zinasisitiza kwamba chombo kishuke kwa mzunguko wa mapanga kuuzunguka mhimili wa urefu wake, na kwamba kifaa chochote kinachofanya kazi kama parachuti hakikubaliki. Mwili lazima uwe na urefu usiopungua milimita 500 na kipenyo kisichopungua milimita 40. Katika ngazi ya S9A injini haizidi newtoni-sekunde 2.5. Unene huo unamnyima mshindani ujanja wa kutengeneza sindano inayopaa mbali, na msukumo huo mdogo unamlazimisha kuhesabu kila gramu. Kwa kuwa njia nyingine zimefungwa, ushindani unabaki kwenye umbo la panga, ulaini wa bawaba na nukta ya kufunguka.

Je, njia hii ingefaa roketi za kweli? Kwa miongo mingi roketi za kurushia satelaiti zilitupwa baharini baada ya safari moja. Hata zile za Scout ambazo Waitalia walizirusha kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, kati ya 1967 na 1988, hazikurudi. Kampuni ya Rotary Rocket huko Mojave, California, iliamini inaweza kujenga chombo kinachokwenda angani na kurudi kwa pangaboi. Chombo chake cha majaribio, Roton, kiliruka mara tatu mwaka 1999 kikiendeshwa na marubani wawili, na katika safari ya mwisho kilifika kimo cha mita 23 hivi. Fedha zikakosekana, na mradi ukafungwa. Kisha, tangu Desemba 2015, roketi ya Falcon 9 imeonyesha kwamba inawezekana kutua kwa injini zake zenyewe.

Roton haikuweza kuthibitisha wala kukanusha wazo lake, kwa sababu haikupewa muda. Mvuto wa pangaboi kwa wahandisi bado upo. Linaweza kuongozwa hadi mahali palipochaguliwa, na karibu na ardhi mwinamo wa mapanga ukiongezwa kwa ghafla, nguvu ya mzunguko hugeuzwa kuwa kani ya kunyanyua na chombo hutua kwa ulaini. Kikwazo ni kilekile cha roketi ya gramu 40, ila kimekuzwa: mapanga marefu, bawaba, na uzito unaobebwa safari nzima ili utumike dakika za mwisho tu.

Tulipokee vipi pangaboi

Kwetu Afrika Mashariki, injini za baruti si kitu cha kununua dukani, na sheria za vilipuzi zinataka vibali. Hilo ni zuri kwa usalama, na kamwe lisiwe kisingizio cha mtu kuchanganya kemikali mwenyewe. Kanuni za mchezo huu ziliwekwa ili kuepusha vifo vya aina hiyo. Lakini pia lisiwe sababu ya kuliacha somo hili. Mwalimu wa fizikia mwenye karatasi ngumu, mbao nyembamba, gundi, uzi, mpira na ghorofa ya tatu ana karibu kila anachohitaji. Darasa lake linaweza kupima kani, mzunguko, ukinzani wa hewa na uwiano kwa kifaa ambacho wanafunzi wenyewe wamekijenga. Wale watakaopata baadaye nafasi ya kurusha kwa kibali, chini ya usimamizi, watafika uwanjani wakijua kwa nini roketi yao itarudi.

Mwenye haja ya kukaa hewani muda mrefu na atumie parachuti. Mwenye haja ya kuelewa jinsi hewa inavyobeba uzito, jinsi sehemu mbili za muundo zinavyoshindania gramu moja, na jinsi kosa la nusu sekunde linavyoweza kuharibu kazi ya wiki nzima, na achague pangaboi. Kwa shule inayoanza, ningeshauri wanafunzi waanze na mapanga matatu yaliyoshikamana na mwili, wayapime kwa kuyadondosha mara nyingi, na waandike kila kipimo daftarini. Baruti inaweza kungoja. Maarifa mengi yanayofuatana nayo yanaweza kupatikana sasa.